Gati Lililozama Kabla ya Kuelea

Harufu ya tope la mikoko niliijua kabla sijaiona bahari. Iliingia nyumbani kwetu Kariakoo kila Jumamosi jioni, imeng'ang'ania pindo za khanga za mama: harufu nzito ya chumvi na majani yaliyooza, kidogo kama yai viza, kidogo kama chuma kilicholowa. Mama alizifua khanga hizo uani, kwenye beseni la bati, na maji yalitoka meusi kama wino wa shuleni. Mimi nilichuchumaa kando yake nikinusa na kuuliza. Mbona tope la mtaani kwetu mvua ikinyesha halinuki hivi? Linatoka wapi? Nani analileta? Mama alikuwa mtu wa majibu mafupi. "Linatoka ng'ambo," alisema, akakamua. Siku moja, alipokunjua khanga ya pili, niliona damu kwenye tope, na mguu wake ulikuwa na mkato mrefu chini ya kifundo. "Chaza," akasema kabla sijauliza. "Wanakaa topeni wamekaza midomo kama wembe."

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, wakati unga ulipatikana kwa foleni na kila mtaa ulihimizwa kuwa na shamba lake. Wanawake wa mtaa wetu walianzisha ushirika, wakapewa kiwanja ng'ambo ya mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kule nyuma ya Kurasini. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Mwanahamisi, balozi wa nyumba kumi, Mzaramo mwenye sauti iliyotosha uwanja bila kipaza sauti. Kiwanja kilikuwa kizuri. Kilikuwa na minazi, na udongo wake ulikubali mihogo kana kwamba ulikuwa ukiingoja. Ubaya wake ulikuwa mmoja: kilipakana na maji, na pale kilipopakana na maji hapakuwa na mahali pa kushukia. Upande wa Kurasini walipanda mtumbwi kwenye mchanga mgumu, lakini upande wa shambani mtumbwi ulikwama mbali, na wanawake walitumbukia mpaka magotini, majembe begani. Kwenda hawakuwa na mzigo mwingine, wakavumilia. Kurudi na magunia ya mihogo ilikuwa habari nyingine. Mavuno ya kwanza nusu yake yaliozea kule kule. Ofisi ya kata ikatoa neno: mihogo isipoonekana kwenye duka la ushirika kabla ya masika, kiwanja kitapewa watu wa mtaa mwingine ambao walikuwa wameshakiomba.

Ndipo walipomwendea baba. Baba yangu, Fundi Betramu, alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa barazani kwetu, chini ya mabati mawili aliyoyaegesha ukutani, na alitengeneza vitanda, milango na makabati. Alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, na katika nyumba yetu yenye wapangaji kutoka kila kona ya nchi yeye alihesabiwa kuwa mtu wa maji. Yeye mwenyewe alijihesabu hivyo. Bi Mwanahamisi alipofika na kusema ushirika unataka gati, baba aliweka randa chini, akafuta mikono kwenye kaptura, akacheka.

"Gati? Bibi, nilijenga gati kwa wamisionari nikiwa na miaka kumi na tisa. Lipo mpaka leo."

"La ziwani," akasema Bi Mwanahamisi.

"Maji ni maji."

"Haya, Fundi. Lakini haya yetu yana mambo yake. Bamvua umeliona?"

Nililisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, nikalipenda, maana lilijaza kinywa. Baba alisema ameliona, na labda alikuwa ameliona, kama mtu anavyoliona gari lipitalo njiani bila kujua linakwenda wapi. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Baba aliyafika maji yale mara mbili, siku mbili zilizofuatana, saa nne asubuhi. Mara zote mbili aliyakuta yametulia karibu kabisa na mizizi ya mikoko. Alikaa mpaka alasiri, akayaona yamerudi nyuma kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, akaridhika. Hakujua, na hakuuliza, kwamba juma hilo lilikuwa la maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, kinyume cha bamvua. Wanawake walijua kwamba kuna siku maji yanapanda zaidi, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuyapima. Wao waliyavuka tu.

Nilikuwa na miaka kumi, na shule ilikuwa imefungwa. Nililia mpaka nikaruhusiwa kwenda. Basi lilitushusha mwisho wa barabara, tukateremka kwenye mchanga, na hapo nikaiona bahari, ingawa haikuwa bahari kubwa ya kwenye vitabu. Ulikuwa mkono tu, mpana kiasi kwamba mtu wa ng'ambo alionekana kama kidole. Baba alijenga kwa siku tano. Alisimamisha boriti sita za mkoko katika tope, tatu kila upande, akazigonga kwa gogo zito ambalo wanawake wanne walilinyanyua na kuliachia kwa wimbo. Juu akapigilia mbao, kiasi cha mkono mmoja tu juu ya kimo cha maji yalipojaa. Misumari ilikuwa adimu, hivyo aliinyoosha ya zamani kwa nyundo juu ya jiwe, na mimi nilimpa mmoja mmoja. Siku ya tano gati lilisimama limenyooka, linanukia mbao mpya katikati ya harufu ile nzito, na baba alitembea juu yake huku na huku akikanyaga kwa visigino. Bi Mwanahamisi alilitazama kwa kichwa upande.

"Ungelipandisha zaidi, Fundi."

"Nikilipandisha, maji yakipwa mtahitaji ngazi ya mkwezi wa minazi. Hapa ndipo kati."

Kwa kweli alichosema kilikuwa na akili. Gati la chini huzama maji yakijaa, gati la juu huning'inia maji yakipwa, na yeye alichagua katikati ya maji aliyoyaona. Kosa lilikuwa katika yale ambayo hakuyaona.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuvuna. Tulifika asubuhi, na kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa kwamba bahari haikuwepo. Gati la baba lilisimama juu ya tope tupu, miguu yake yote sita imekauka, na maji yalikuwa yamekwenda mbali, hatua nyingi mbele yake, yamejikunyata kwenye mfereji katikati. Wanawake walishuka topeni kama kawaida yao. Hakuna aliyemsema baba, ila Mama Ndeshi alipita chini ya gati, akainua uso kuzitazama mbao zilizokuwa juu ya kichwa chake, akasema, "Nyumba nzuri. Mlango wake uko wapi?" Mama Ndeshi alikuwa Mchaga wa Kibosho, jirani yetu wa chumba cha tatu, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, na alikuwa hapendi maji hata ya kuoga yakizidi ndoo moja. Alijiunga na ushirika kwa sababu ya watoto wake watano, na kila Jumamosi alivuka amefumba macho.

Tulichimba mpaka mchana. Magunia sita yakajaa, yakabebwa na kupangwa juu ya gati, maana maji yalikuwa yameanza kurudi na kila mtu aliona kwamba alasiri mtumbwi utaegeshwa hapo vizuri. Mama Ndeshi aliombwa akae na magunia, naye alikubali kwa moyo mmoja. Kukaa juu ya mbao kavu kulimfaa kuliko tope. Sisi wengine tulirudi kivulini kumenya mihogo ya kupika. Sijui tulikaa kwa muda gani. Nakumbuka tu kwamba mama aliacha kisu katikati ya muhogo, akainua kichwa, na tukasikia sauti ikitoka majini.

"Fundi! Fundi weee! Gati lako linakwenda!"

Tukakimbia. Gati halikuwa limekwenda popote, ila halikuonekana. Palikuwa na maji matupu, ya kahawia, yametulia, yamefika mpaka ndani ya mikoko, na katikati yake, kama ameketi juu ya bahari yenyewe, Mama Ndeshi juu ya magunia, amekumbatia la juu kabisa, viatu vyake vya plastiki vinaelea kando yake. Alikuwa amesinzia. Maji yalimwamsha kwa kumlamba miguu, na sasa hakuthubutu kushuka kwa kuwa hakuona mbao zinaishia wapi. Tulipokuwa tukimtazama gunia moja liliteleza, likabiringika, likazama, akatoa ukelele ambao naweza kuusikia leo nikitaka.

Baba aliingia na nguo zake. Alipapasa kwa miguu mpaka akalipata gati, akapanda, maji yakimfika mapajani, akatembea polepole kwa nyayo kama kipofu. Alipomfikia alimpa mgongo. Mama Ndeshi hakutaka. Alikuwa akiomba kwa Kichaga na kwa Kiswahili na kwa Kilatini cha kanisani, vyote pamoja. Baba akamwambia jambo tusilolisikia, naye akapanda mgongoni, na wakarudi hivyo, seremala mwembamba chini ya mwanamke yule mkubwa, wakiyumba, sisi wote tumeshika vinywa. Gunia la pili lilikwenda wakati huo. Nikahisi mama ameushika mkono wangu kwa nguvu hata kucha zikaingia. Walipofika kwenye nchi kavu Mama Ndeshi alikaa chini, akavuta pumzi, akamtazama baba.

"Uliniambia ni gati," akasema. "Hili ni beseni."

Watu walicheka, maana hofu ilikuwa imewatoka. Baba hakucheka.

Kwa siku tatu hakushika randa. Alikaa barazani, wapita njia wakimsalimu, naye akiitikia kwa mkono tu. Habari zilikuwa zimekwisha kufika hadi Msimbazi, na wachuuzi waliokuwa wakishusha mizigo walimwita Nahodha. Mimi nilikuwa na swali langu, nilishindwa kulizuia. Siku ya tatu nilikwenda nikakaa miguuni pake.

"Baba, yale maji yakiondoka, yanakwenda wapi?"

Aligeuka, akanitazama. Nilidhani atanifukuza.

"Sijui," akasema.

Sikuwahi kumsikia baba akilitamka neno hilo. Katika mtaa wetu watu wazima walijua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Lakini alivyolisema alikuwa kama mtu aliyetua mzigo, na baada ya hapo akaanza kuniuliza yeye. Niliona nini siku ile? Maji yalianza kurudi saa ngapi? Yalipanda haraka mwanzoni au mwishoni? Nikamweleza yote niliyoyakumbuka, na nilikumbuka mengi. Mama alitukuta tukichora mchangani kwa kijiti, akairuka michoro yetu, akaingia ndani.

Jumapili hiyo, baada ya misa, baba hakurudi nyumbani. Alinishika mkono, akiwa bado na shati lake jeupe la kanisani, tukaenda kutazama magati ya watu. Tulianzia Kivukoni, kwenye pantoni. Pale hapakuwa na gati la kusimama bali mteremko wa zege ulioingia majini, na pantoni yenyewe ilishusha ulimi wake popote maji yalipofika. "Huu ni ujanja wa chombo," baba akasema, "sisi chombo chetu hakina ulimi." Tukaenda tukichungulia upande wa bandari kubwa, ambako kuta zilikuwa ndefu kama ghorofa na meli zilifungwa kwa kamba nene kuliko mkono wangu. Baba aliniambia nitazame kamba, sio meli. Nikaona zimelegezwa. "Wanajua itapanda," akanong'ona, kana kwamba amegundua siri ya serikali. Mbele zaidi tulikuta ngazi za mawe za zamani zinazoshuka majini. Nilizihesabu, nikaona kwamba kumi na moja za chini zilikuwa na ukoga wa kijani na zilizobaki juu zilikuwa kavu na nyeupe. Nikamwonyesha. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho iliyo kavu, akapima kimo cha moja kwa shubiri yake, akafumba macho akizidisha, na aliponitajia jibu nilimtazama yeye kutoka miguuni hadi kichwani, nikajaribu kumpandisha baba mwingine juu yake.

Cha mwisho ndicho kilichotushika. Nyuma ya uzio wa karakana moja ya mashua tuliona jukwaa dogo la mbao limelala juu ya maji, halina miguu. Bawabu alikuwa mzee wa Kimakonde, na baba alipomsalimu kwa lahaja ya kusini akatufungulia. Jukwaa lilikuwa limefungwa juu ya mapipa. Lilipanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana, kama kifua cha mtu aliyelala. Daraja jembamba lililiunganisha na nchi kavu kwa bawaba, sawa na bawaba za mlango, na pembeni pete za chuma zilizunguka nguzo mbili ili lisichukuliwe na mkondo. Baba alipita juu yake, akarudi, akapita tena. Kisha akalala kifudifudi, shati jeupe na yote, akaingiza kichwa chini ya mbao.

"Shikamoo," nilimwambia bawabu, kwa kuwa sikujua niseme nini.

"Marahaba. Baba yako ana nini?"

"Alijenga gati likazama."

"Aa," akasema bawabu, kana kwamba ni ugonjwa anaoujua. "Mwache alale."

Yangeishia hapo, gati lingechaguliwa siku hiyo hiyo. Lakini baba alikuwa amejikwaa mara moja, na sasa alitembea akitazama chini. Jukwaa linaloelea, alinieleza njiani, litakuwa na shida yake kwetu: maji yakipwa sana litakaa topeni kama chura. Lazima tujue yanapwa mpaka wapi, na yanajaa mpaka wapi, siku zote, sio siku mbili. Akaniuliza kama naweza kwenda shambani na mama kila siku kwa majuma mawili. Kazi yangu ingekuwa kutazama. Nilikuwa nimekaa miaka kumi nikiambiwa niache kutazama mambo ya watu. Nilikubali kabla hajamaliza.

Alinipa kamba ya katani yenye fundo kila shubiri, na kipande cha mkaa. Kila siku nilikaa kwenye boriti ya mbele ya gati lile lililotuaibisha, nikaweka alama maji yalipofika juu kabisa, na yalipopwa nilishuka na mama kupima umbali wa ukingo wake kwa hatua zetu. Nilijifunza mambo ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Kwamba maji hayarudi saa ile ile. Kila siku yanachelewa kidogo, kama mtoto anayetumwa dukani. Kwamba yanafuata mwezi, yanafura ukiwa mpevu na ukiwa umeandama, na kati ya hapo yanachoka. Kwamba kaa wadogo wenye gando moja jekundu wanajua kabla yetu, wanaziba mashimo yao, na ukiwatazama wao huhitaji saa. Mama, yule wa majibu mafupi, alianza kuniambia vitu. Siku moja tulisimama pamoja ukingoni mwa mfereji, maji yamepwa kuliko siku zote, akatia mguu wake wenye kovu, maji yakamfika juu ya goti. "Hapa hapakauki," akasema. Akatia mguu wa pili. "Zita," akaniita, "hapa hapakauki kamwe." Tulirudia kupima mara tatu, tukicheka bila sababu.

Mkutano ulifanyika ukumbini kwetu, wanawake wamekaa kwenye mikeka pande zote mbili, milango ya wapangaji ikiwa wazi. Mama Ndeshi alisema yeye anataka ngazi za mawe, jiwe halikudanganyi. Mwingine alisema gati la boriti ndefu zaidi, lenye ngazi. Bi Mwanahamisi akamgeukia baba. Nilikuwa nimejibanza kwa mama, kamba yangu mapajani. Baba alisimama.

"Kwanza nilikosea," akasema. "Mlinionya, nikajibu kwa maji ya kwetu. Mimi nilikisia. Huyu amepima." Akaniita mbele.

Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku niliyosimama mbele ya darasa langu la kwanza nikiwa mwalimu. Niliwaambia mafundo mangapi, siku gani. Baba akachukua maneno yangu na kuyageuza mbao: ngazi za mawe zitamezwa na tope kabla hazijafika chini, na saruji hatuna, boriti ndefu zitahitaji ngazi yenye vipago kumi na saba, na nani atapanda na gunia? Jukwaa la mapipa, likiwekwa kwenye ukingo wa mfereji pasipokauka, litapanda na maji na kushuka na maji, na mtumbwi utakuwa sawa nalo saa zote. Gati la kwanza halitavunjwa. Litapandishwa na kurefushwa hadi karibu na mfereji, liwe njia ya kufikia daraja, na boriti zake mbili za mbele zitang'olewa ziwe nguzo za pete.

"Na mimi nikikanyaga?" Mama Ndeshi akauliza.

"Litashuka kidogo."

"Kiasi gani?"

"Mama Ndeshi, sijakupima."

Hata yeye alicheka. Wakakubaliana kwa mikono. Shida ikawa mapipa, maana miaka ile pipa lilikuwa mali. Mawili tuliyapata kwa fundi magari wa Msimbazi, moja kwa mpika sabuni, na la nne lilikuwa uani kwetu, limejaa maji ya kunywa ya nyumba nzima. Mama ndiye aliyelimwaga. Hakumwuliza mtu. Kwa majuma mengi baada ya hapo tulichota kwa ndoo kutoka bomba la mtaa wa pili, na sikumsikia mpangaji hata mmoja akinung'unika mbele yake.

Baba aliziba matundu kwa lami, akafunga, akapigilia. Siku ya kulishusha lile jukwaa ilikuwa ya bamvua, aliichagua makusudi. Bwana mmoja wa ofisi ya kata alikuja kushuhudia, na kalamu mfukoni. Asubuhi maji yalipwa, jukwaa likashuka taratibu kwenye nguzo zake, pete zikikwaruza, likatulia juu ya maji ya mfereji bila kugusa tope. Daraja liliinama kama shingo ya twiga anayekunywa. Kila mtu alimtazama Mama Ndeshi. Alivua viatu, akavitia kifuani, akashuka daraja amefumba macho, akakanyaga. Jukwaa lilizama upana wa vidole viwili, likasimama. Akafumbua jicho moja. Akaruka kidogo. Akaruka tena, kwa nguvu, mtu mzima yule, na jukwaa likampokea kila mara, naye akageuka akamwita baba kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Betramu, leteni magunia!"

Tulivusha magunia kumi na nne siku hiyo, na bwana wa kata alivuka nayo, amekaa juu ya mihogo. Kiwanja kilibaki chetu. Jioni, duka la ushirika lilipofunguliwa, foleni ilifika hadi kona, na mara hii mama hakuwa ndani yake. Alikuwa upande wa pili wa mizani. Gati lilitumika kwa miaka kadhaa, baba akibadilisha mapipa yalipopata kutu. Baadaye ushirika ulilegea kama vingi vya miaka ile, watu wakahama, Bi Mwanahamisi akafariki, kisha baba. Mara ya mwisho nilipopita kwa mashua palikuwa na boriti mbili tu, na ndege mweusi juu ya mojawapo.

Mwaka jana Deo, mtoto wa kaka yangu, alinunua kiwanja ufukweni, upande huo huo wa ng'ambo. Aliniletea simu yake yenye picha za magati: ya zege, ya chuma, ya plastiki yanayounganishwa kama matofali ya kuchezea. "Shangazi, wewe ndiye mtaalamu wa ukoo. Lipi?" Nilitaka kumsimulia habari ya majuma mawili, lakini aligusa kioo mara mbili na zikatokea saa za maji kujaa na kupwa, kwa urefu wake, za mwaka mzima. Zilikuwa sahihi. Siwezi kusema kwamba zamani ilikuwa bora katika hilo. Hakuna aliyelazimika kukalia magunia ili fundi wa Deo ajue kimo cha bahari, nami nashukuru. Alichagua linaloelea, na alichagua vizuri.

Lilipokamilika alinialika. Ni gati zuri, halitikisiki zaidi ya inavyopasa, lina taa na mahali pa kufungia mashua moja. Kati yake na ufukwe kuna geti la chuma lenye kufuli. Tulikuwa tumesimama pale tunakunywa soda wakati wanawake watatu walipotokea upande wa kushoto wakitoka kuokota chaza, beseni vichwani. Walifika kwenye ukuta wa Deo unaoingia majini, wakapandisha khanga, wakatumbukia topeni ili kuuzunguka.

"Hao wanapita hapa kila siku?" nikauliza.

"Wana njia yao, shangazi. Wamezoea."

Nilimfikiria baba akiwa amesimama ukumbini, wanawake pande zote mbili, akianza kwa kusema kwamba alikosea. Deo si mtu mbaya. Hajawahi tu kuishi mahali ambapo kosa la mtu mmoja linajadiliwa na nyumba nzima, na dawa yake pia. Wa nyuma kati ya wale wanawake aliteleza, akashika ukuta, akajiweka sawa bila kumwaga beseni.

"Deo," nikasema, "fungua kufuli."

"La nini?"

"Fungua tu, mwanangu. Kisha waite."